Nani Alimfundisha Mtoto wa Pwani Kusoma? Kutoka Bao la Chuoni Hadi Darasa la Kwanza Kwala



Wengi mmezoea kusoma kwangu habari za mashela, magauni na namna ya kupanga sanduku la bibi harusi. Leo cherehani naiweka pembeni kidogo. Nataka tuzungumze habari ya mtoto ambaye bado hajazaliwa, lakini In shaa Allah yuko njiani, maana ndoa ndiyo hiyo. Ukiolewa mwaka huu na Mola akakujaalia, baada ya miaka sita au saba utakuwa unamshonea mtoto sare ya darasa la kwanza. Atafundishwa na nani kusoma?

Wengi watajibu, "Si mwalimu wa shule?" Jibu hilo ndilo limenifanya nitafute historia yetu sisi watu wa pwani. Nimeona jambo moja linajirudia: mtoto wetu alisoma vizuri pale nyumba, madrasa na shule vilipofanya kazi pamoja, na pale mama aliposhika sehemu yake. Vitu hivyo vilipotengana, mtoto ndiye aliyeumia.

Bao, wino wa masizi na mwalimu wa chuo

Kabla hajaja Mjerumani wala Mwingereza, watoto wa pwani walikuwa wanasoma. Kuanzia Lamu, Mombasa, Unguja na Pemba mpaka Bagamoyo na Kilwa, kila mtaa wenye Waislamu ulikuwa na chuo. Wazee wetu wakisema chuo hawakuwa na maana ya chuo kikuu. Walimaanisha mahali pa kusomea Qur'ani, barazani kwa mwalimu au kwenye kibanda pembeni ya msikiti.

Mtoto alipelekwa akiwa mdogo. Kitabu hakuwa nacho, alikuwa na bao, yaani ubao wa mti. Mwalimu alimwandikia herufi kwa kalamu ya tete na wino uliotengenezwa kwa masizi. Akishaziweza, bao linaoshwa na kuandikwa somo jipya. Alianza na herufi zenyewe, halafu irabu, halafu kuunganisha, ndipo akaingia Juzuu Amma. Siku ya kuhitimu msahafu wote ilikuwa sherehe ya ukoo mzima, watu wanapikiwa na mwalimu anapewa heshima yake.

Mtu mmoja wa huku kwetu ameyaandika mambo ya maisha ya wakati ule. Ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Dunda, Bagamoyo, ambaye baadaye alikwenda kufundisha Kiswahili Berlin. Kitabu chake cha Desturi za Wasuaheli kilitolewa mwaka 1903, na ndani yake mna habari za watoto kupelekwa chuoni pamoja na habari za harusi na malezi. Wazee waliviona vitu hivyo ni kamba moja.

Naomba mzingatie hili. Mtoto wa chuoni alipokuwa anajifunza "ba, bi, bu" kwa irabu za Kiarabu, alikuwa anajifunza siri ya kusoma lugha yoyote: kila alama ina sauti yake, na sauti zikiunganishwa linapatikana neno. Mwalimu wa darasa la kwanza anayefundisha "ba, be, bi, bo, bu" leo anafanya kazi hiyohiyo. Kwa hiyo yule anayesema madrasa inampotezea mtoto muda wa shule hajaangalia vizuri. Tofauti ni kwamba Kiswahili mtoto anakielewa maana papo hapo, na Kiarabu anahitaji mtu wa kumwelezea. Hapo ndipo mzazi anapoingia.

Shule mbili, mtoto mmoja

Wajerumani walipotawala walifungua shule ya serikali Tanga mwaka 1892, na baadaye Bagamoyo, Dar es Salaam na miji mingine ya pwani. Waliosoma humo wakawa makarani, walimu na maakida, na wengi wao walikuwa Waislamu wa pwani, watoto waliokwisha pita chuoni. Kichwa chao kilishazoea herufi, kazi ikawa kubadilisha tu mwandiko kutoka za Kiarabu kwenda za Kizungu.

Lakini shule za serikali zilikuwa chache. Vijijini shule nyingi zilikuwa za misheni. Katika sehemu hizi za Uzaramo, wamisionari walikuwa Pugu tangu mwaka 1888, na wengine wakafuatia Kisarawe na Maneromango. Walipokuja Waingereza hali iliendelea hivyo, shule nyingi zikawa mikononi mwa makanisa na serikali ikizisaidia kwa ruzuku. Mzazi wa Kiislamu akabaki na swali gumu: nimpeleke mtoto akasome, au nimbakize nyumbani alinde dini yake? Wengi walimbakiza. Siwalaumu, walikuwa wanalinda amana. Ila matokeo yake vizazi kadhaa vya watoto wetu vilibaki na chuo peke yake, na kazi zote za kalamu zikaenda kwa wengine.

Kwa mtoto wa kike ilikuwa ngumu zaidi. Hata Unguja, penye mji mkubwa wa Kiislamu, shule ya kwanza ya serikali ya wasichana ilifunguliwa mwaka 1927. Kule serikali iliona kwamba wazazi hawatoi watoto mpaka dini iwemo, na baadaye masomo ya Qur'ani yakaingizwa ndani ya shule za serikali. Wazazi walipoona mtoto hatanyang'anywa dini yake, mlango ukafunguka. Huku bara mlango ulichelewa kufunguka. Ni mwaka 1969, baada ya uhuru, ndipo sheria ya elimu ilipozichukua shule za misheni zikawa za taifa, kwa watoto wa dini zote.

Kanga, na bibi aliyesoma utu uzima

Sasa huyo mama aliyebaki nyumbani hakuwa amekaa tu. Alikuwa na kitu kimoja cha kusoma ambacho hata leo kila mmoja wetu anacho, nacho ni kanga. Maandishi ya kanga yalianza kuenea mwanzoni mwa karne ya 20, na mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, ni kati ya wanaotajwa sana katika historia hiyo. Mwanzoni yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi tunazotumia sasa. Kwa mwanamke wa pwani hayo ndiyo yalikuwa maandishi yaliyoingia ndani kwake bila kuomba ruhusa ya mtu. Na mtoto aliyebebwa mgongoni alikua akiyaona.

Kisha ikaja kampeni kubwa. Mwalimu Nyerere alitangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na miaka iliyofuata kina mama na kina baba wakajaa kwenye madarasa ya kisomo, chini ya miembe na kwenye ofisi za TANU. Mwaka 1967 karibu watu wazima 7 kati ya 10 Tanzania walikuwa hawajui kusoma. Ilipofika mwaka 1975 walibaki karibu 4 kati ya 10. Bibi zetu wengi walijua kuandika majina yao wakiwa tayari na wajukuu. Mama aliyekwenda kisomo jioni alirudi na daftari nyumbani, na mtoto wake akaona kuwa kusoma ni jambo la watu wa nyumba hii.

Mwaka 1974 TANU iliamua kule Musoma kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe shuleni. Ndiyo UPE wazee wetu wanayoitaja, Elimu ya Msingi kwa Wote. Shule zikafunguliwa vijijini kwa haraka, na walimu wengine walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa kazi wakiwa kazini. Vijiji vingine vya ujamaa vikawa na vituo vya kulelea watoto ili mama aende shambani. Watoto wakaingia darasani kwa wingi, jambo la kushukuru. Lakini kuingia darasani na kujua kusoma ni vitu viwili.

Shule bora ilikuwa mlangoni kwetu

Sisi watu wa Kibaha tuna mfano wetu wa pekee. Mwaka 1963 nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden zilianza kujenga na Tanganyika mradi pale Tumbi, kupambana na ujinga, umaskini na maradhi. Mwaka 1970 ukakabidhiwa kwa Tanzania, ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Pale ipo Kibaha Sekondari, shule ya wavulana wenye vipaji, wanaoletwa kutoka kila mkoa wa nchi hii.

Nawaambia wazi, kukaa karibu na shule nzuri hakumpi mtoto nafasi. Mtoto wa Kagera au Kilimanjaro anaweza kuipata nafasi ile na mtoto wa jirani asiipate, kwa sababu mtihani wa darasa la saba unampita yule ambaye tangu darasa la pili hakujua kusoma vizuri. Akifika darasa la nne anakutana na sayansi na masomo mengine ndani ya vitabu asivyoweza kuvisoma. Mwalimu ana watoto wengi, hawezi kurudi nyuma kwa ajili yake. Anakaa nyuma, anaanza utoro, na watu wanasema hana akili. Akili anayo, ila msingi haukushonwa vizuri. Gauni likikatwa vibaya kwenye kitambaa, hata ukiweka shanga za bei gani halikai mwilini.

Mwaka 2010 watafiti wa Uwezo walipita kwenye nyumba za Tanzania wakiwapima watoto kusoma hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Katika darasa la tatu, takriban watoto watatu tu kati ya kumi waliweza kuisoma kwa Kiswahili, lugha yetu sisi wenyewe. Ripoti zao zilionyesha pia kuwa mtoto ambaye mama yake amesoma hufanya vizuri zaidi. Serikali nayo iliona tatizo. Mwaka 2015 ukaja mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili wenye kukazia Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, zile KKK tatu. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ikafanya darasa la awali kuwa la lazima, na kuanzia Januari 2016 ada ikaondolewa mpaka kidato cha nne. Hatua hizo ni nzuri, ila hakuna mtaala unaoweza kukaa na mtoto wako saa moja usiku.

Wanawake wa madrasa walivyolishika jambo hili

Hapa ndipo historia inaponifurahisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Waislamu wa pwani ya Kenya walikuwa na shida ileile. Watoto wao walikuwa wanasoma Qur'ani vizuri, lakini wakifika kwenye usaili wa darasa la kwanza wanashindwa, na wakiingia hawadumu. Viongozi wao wakaomba msaada kwa Aga Khan. Kazi ya kuanzisha jambo hilo akapewa mwalimu mmoja mwanamke wa Mombasa, Bi Swafiya Said.

Bi Swafiya hakuanza kwa kujenga majengo makubwa. Alianza na madrasa zilizokuwepo na wanawake waliokuwepo. Mwaka 1986 shule ya awali ya kwanza ya mpango huo ikaanza Mombasa. Akachukua wanawake wa Kiislamu wa mitaa ileile, wengi wao bila elimu ya juu, akawafundisha namna ya kumfundisha mtoto mdogo: kwa kucheza, kuhesabu mbegu na makombe ya pwani, kupanga vifuniko vya chupa, kusimuliana hadithi na kuimba kwa Kiswahili, huku dini na adabu zikiwa ndani yake. Jamii yenyewe ilitoa mahali na kuunda kamati ya kusimamia. Mtoto hakulazimika tena kuchagua kati ya shule na dini.

Mwaka 1990 mpango ukaingia Zanzibar na mwaka 1993 Uganda. Shule hizo zikapita 200 katika nchi hizo tatu. Utafiti uliotolewa mwaka 2008 uliwalinganisha watoto wa shule za awali za madrasa, watoto wa shule nyingine za awali na watoto waliokaa nyumbani tu. Waliopita shule yoyote ya awali waliwazidi waliokaa nyumbani, na wale wa madrasa ndio waliosonga mbele zaidi.

Dada zangu wa Unguja na Pemba, bila shaka wengine wenu mmepita humo, au walimu hao ni shangazi zenu. Waliofanya kazi hiyo ni wanawake kama mimi na wewe, wenye buibui na daftari. Hawakusubiri mtu mwenye shahada aje awafundishie watoto wao.

Na sasa tuko Kwala

Mimi nimeolewa huku, nimevuka maji kutoka kisiwani nikaja Kwala. Wengi wenu mtaolewa bara vilevile, kwa hiyo sikilizeni. Reli ya kati ilipita njia hizi tangu Wajerumani, ikafika Morogoro mwaka 1907, na kwa miaka mingi treni ilitupita tu. Sasa mambo yamebadilika. Ipo reli ya SGR, viwanda vinajengwa, na Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan, mtoto wa Kizimkazi, alizindua bandari kavu hapa Kwala. Makontena yanaletwa hapa kutoka bandari ya Dar es Salaam.

Kazi zimekuja, na kazi hizo zina karatasi. Dereva anasoma hati ya mzigo, mlinzi anaandika namba za magari, binti wa ofisini yuko kwenye kompyuta. Asiyejua kusoma vizuri atabeba mizigo. Mtoto aliye darasa la kwanza leo ndiye atakayeomba kazi hapo baada ya miaka kumi na mitano. Bandari imefika mlangoni kama ilivyofika Kibaha Sekondari. Je, safari hii watoto wa hapa watapata nafasi, au watakaa nje ya geti wakiuza maji?

Kila Januari nashona sare nyingi. Huwa namwomba mtoto aniandikie jina lake kwenye karatasi ili nilishone kwenye kola. Wengine wa darasa la pili wanamwangalia mama, na mama ananiambia, "Andika tu wewe fundi, huyu mwalimu wake hamfundishi." Lakini ninaye pia mteja mmoja anayeuza vitumbua. Yeye mwenyewe aliishia darasa la saba. Binti yake wa miaka saba ndiye anayehesabu chenji na kuandika wanaodaiwa kwenye daftari. Mama anakosa muda kama wengine wote, ila amemwingiza mtoto ndani ya kazi yake. Binti huyo anasoma gazeti lililofungiwa vitumbua, na mwalimu wake hajui siri ni nini.

Kwa bibi harusi wangu

Hatuhitaji pesa nyingi kufanya kama wale wanawake wa Mombasa. Haya ndiyo ninayoyaona yanawezekana katika nyumba ya kawaida:

1. Kabla ya nikaha, muulizane na mchumba wako. Mtoto ataanza madrasa lini, darasa la awali lini, na nani atakaa naye jioni? Baba naye ana sehemu yake, asijifiche nyuma ya kazi. Mnaulizana rangi za ukumbi, hili mtashindwaje?

2. Katika sanduku lako weka vitabu viwili vya hadithi za watoto, daftari na penseli. Msahafu tunaweka kila siku, na aya za kwanza kuteremshwa zilianza na amri ya kusoma.

3. Mtoto akifika miaka mitatu na minne, ongea naye sana. Msimulie hadithi za Mitume na hadithi za sungura, muulize maswali, mwache ajibu kwa sentensi nzima. Mtoto mwenye maneno mengi kichwani ndiye anayesoma upesi.

4. Tumia vilivyomo ndani. Sisi mafundi tuna vifungo vya kuhesabia na futi ya kupimia yenye namba. Jikoni mna maharage na vijiko. Kwenye kanga mna herufi kubwa, mwambie akutafutie "a" zote zilizopo.

5. Akianza shule, dakika ishirini kila jioni, baada ya Maghrib. Silabi kwanza, halafu maneno, halafu sentensi. Kiswahili kinasomwa kama kinavyoandikwa, hakidanganyi. Mama ambaye hajui kusoma akae tu pale amwambie mtoto, "Nisomee mimi." Mtoto atajiona mwalimu, na wewe utajifunza pia.

6. Usimpige kwa sababu amekosea herufi. Chuo cha zamani kilikuwa na fimbo, na watoto wengi walikimbia kwa hofu ya fimbo hiyo.

7. Nenda shuleni na madrasa ukaonane na walimu wote wawili. Waulize yuko wapi na anakwama wapi, kabla ya kikao cha matokeo.

Na wale kungwi na masomo wetu mnaomfunda mwali, naomba ongezeni somo hili moja. Tunamfundisha binti namna ya kumpokea mume, kupika na kutunza nyumba. Tumfundishe na namna ya kumkalisha mtoto na herufi, maana siku ya harusi inapita kwa usiku mmoja na mtoto unaye maisha yako yote.

Allah atujaalie kizazi chema chenye elimu ya dunia na akhera, awabariki walimu wetu wa madrasa na wa shule, na awarehemu waliotangulia. Maharusi wa mwezi huu, nawaombea ndoa zenye mapenzi na rehema. Amin.